Mikono ya Kumshika Wegesa

Kiabakari, Butiama

Mdogo wangu Florian,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Bunda, na pikipiki za watu unazitengenezaje siku hizi? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha, au bado unawakoholea wateja? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa kushukuru kwenyewe ni kwa kujikaza. Mama yupo, ila vidole vyake vimezidi kukakamaa, hata kikombe anakishika kwa viganja viwili. Mvua imekatika wakati mahindi yanabeba, kwa hiyo usitegemee gunia kutoka kwetu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu mtoto, unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua huwezi kuikata, bwana. Utaisoma yote.

Mwanao Wegesa yuko hai. Nimelitanguliza hilo maana najua ndilo unaloogopa kuuliza. Lakini ni mdogo, Florian, mdogo wa kutisha. Watoto waliozaliwa pamoja naye wanatambaa kufukuza kuku, yeye hata kukaa alikuwa hawezi. Tangu marehemu Matrida amwache siku ileile ya kumzaa, mimi nilidhani maziwa na uji vinatosha. Nilikuwa namlaza kwenye mkeka, naenda shambani, narudi namkuta vilevile, halii wala hageuki. Majirani wakanisifu eti nimepata mtoto mtulivu. Kumbe alikuwa amechoka kuita. Na mimi nilizipokea zile sifa.

Nesi Raya, yule aliyehamia zahanati yetu kutoka Musoma, alimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akasoma kipimo mara mbili. Akasema huu ni udumavu. Akaniuliza huyu mtoto huwa anashikwa na nani. Nilimjibu kwa hasira kwamba nina shamba na mama mgonjwa, nitamshika saa ngapi? Hakunigombeza. Alijipaka mafuta, akasugua viganja vikapata joto, akamkanda Wegesa mbele yangu huku anamsemesha. Akasema uji wa dagaa na karanga nisiuache hata siku moja, ila mtoto asiyeshikwa wala kuchezeshwa, hata hamu ya kula inampotea. Niliona aibu kujaribu, maana mikono yangu ni ya jembe, inakwaruza.

Sasa namkanda asubuhi na jioni. Miguu naivuta taratibu kutoka mapajani hadi kwenye nyayo, tumbo nalizungushia kiganja, magoti nayapeleka tumboni kwa zamu kama anaendesha baiskeli. Halafu namlaza kifudifudi, namwita jina mpaka ainue kichwa. Mwanzoni alikuwa ananiangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Juzi amekaa mwenyewe! Akayumba, akacheka. Nililia kwa sauti, weee, mama akadhani kuna msiba.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Nina uvimbe kwenye titi. Nilikuwaga nauona ni kitu kidogo, nikanyamaza. Sasa umekuwa mgumu, na mkono wa kulia umevimba, jioni hauinuki kabisa, namkanda kwa wa kushoto. Musoma wamenipima, wakasema niende hospitali kubwa Mwanza. Nilimuuliza daktari kama nitapona, yeye akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, wa mdogo wangu. Naondoka Jumatatu na sijui nitarudi lini. Mama kwa vidole vile hawezi kumkanda. Nesi Raya anasema mtoto akirudi kulala kwenye mkeka bila mtu, kwa wepesi alionao, homa moja tu inamchukua.

Na hofu yako naijua. Siku ya arobaini ya Matrida, mama alikuonya kwamba baba akitembea na mwanamke mwingine kabla mtoto hajasimama, asimshike, atambemenda, mtoto adhoofike mpaka afe. Wewe ulishampata Faudhia. Basi tangu hapo kila ukija unaishia mlangoni, unaacha maziwa ya kopo na sabuni, unamchungulia mwanao kwa mbali. Watu wanasema huna moyo. Mimi nawaambia moyo unao, ndiyo maana unakimbia. Na Faudhia sina ugomvi naye, wewe si padri.

Lakini kuna jambo nimekuficha. Pasaka ulipokuja ulikula, ukanywa, ukalala barazani kifua wazi kwa lile joto. Nilimchukua Wegesa, nikamvua nguo, nikamlaza juu ya kifua chako. Mkono wako ulimpanda mgongoni wenyewe, ukiwa usingizini, ukamshika. Naye akatulia sikio kwenye moyo wako, mkalala hivyo mchana wote. Ulipoanza kujigeuza nikamtoa haraka. Mama hajui mpaka leo.

Wala sitakudanganya kwamba hapakutokea kitu. Wiki ileile alianza kuharisha. Florian, mimi huyuhuyu ninayekusema hapa nilipiga magoti nikiamini nimemuua kwa mikono yako, na nilishafunga mzigo nimpeleke kwa mganga kule Buswahili. Nesi Raya ndiye aliyeniuliza maji tunateka wapi. Tulikuwa tunateka lamboni, pamoja na ng'ombe. Tukaanza kuchemsha, akanywa maji ya chumvi ya zahanati, akapona. Ulimshika, na hakufa. Miguu yake imekaza baada ya hapo.

Njoo kabla ya Jumatatu nikufundishe wakati mkono wangu mmoja bado unafanya kazi. Kama unamwonea Faudhia aibu, njoo naye, mikono yake pia inafaa. Mama niachie mimi, nitamweleza, akitaka kulaani atanilaani mimi ninayesafiri. Nimempa barua hii konda wa basi la asubuhi, kwa hiyo usiseme hukuipata.

Mama anakusalimu sana. Wasalimie mafundi wenzako, na Faudhia mpe pole ya kukuvumilia. Mungu akulinde barabarani.

Florian, mimi naweza nisirudi. Usije ukambeba mwanao kwa mara ya kwanza siku ya kunizika.

Ni mimi dada yako,
Jenipher