Mstari kwenye Kofia ya Colby

Kaka Lonnie,

Mama hajambo, mbwa wako anaendelea kufukua maua yake. Mimi nimepewa ukocha wa timu ya watoto ya futiboli ya Kimarekani, na mwanao Colby yumo. Tangu uondoke nyumbani anakula sana. Alipopanda mizani wakambandika mstari kwenye kofia yake ngumu ya kuchezea, maana huku Texas mtoto mzito haruhusiwi kukimbia na mpira. Akacheka: “Sasa mimi pundamilia!”

Wiki nzima najiuliza tushambulie vipi. Turushe pasi ndefu kama enzi zako, au tukimbie na mpira, wazito wakitufungulia njia? Nikamuuliza Colby.

“Tukimbie, ba’mdogo.”

“Kwani pasi ina ubaya gani? Baba yako alikuwa fundi wa pasi.”

“Kwenye pasi mmoja anachomoka, anaenda zake mbali, sisi tunabaki kumtazama mgongo. Tukikimbia, tunaenda wote.”

Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Basi Jumamosi kwenye mechi tunakimbia, saa nne asubuhi. Mama atakaanga kuku. Kiti chako cha kukunja Colby ameshakitia garini, wala sikumwambia akitie.

Mdogo wako,
Travis