Jua la Mombasa Kwenye Mlango wa Kanisa Letu

Shangazi Esnah, jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Magokoro, nyanya yangu ninayelala naye chumba kimoja, naona haya kulisema ndiyo maana naliandika, tafadhali nisaidie. Niko kidato cha tatu, kwetu ni karibu na Nyamache, na napenda nyota sana. Mjomba alinipa laptopu, nikaweka programu ya anga inayoonyesha nyota na saa ya jua kuzama, sasa Mzee Anyona wa kanisa aliposikia akaniomba niandike karatasi ya saa za kufungua na kufunga Sabato, nikaandika, ikabandikwa mlangoni, Magokoro akatangaza kwa majirani wote kwamba mjukuu wake wa kike amesoma mpaka akafikia jua.

Shida ni kwamba likizo ya Aprili, kabla ya kuandika karatasi hiyo, nilikuwa Mombasa kwa mama mdogo, nikaiambia programu niko Mombasa ndiyo nione nyota za huko, niliporudi nikasahau kubadilisha, na kwa kuwa saa ilikuwa sawa sikushuku kitu, kumbe jua la Mombasa linazama kama dakika ishirini kabla ya letu!

Ijumaa moja Mzee Anyona akamkuta Mama Tryphosa bado anafunga kibanda chake cha ndizi. Kesho yake akamuuliza mbele ya kanisa zima kwa nini alikuwa kibandani Sabato ikiwa imeshaingia.

"Mzee, jua lilikuwa bado linanichoma shingo!"

"Mama, karatasi imetoka kwa kompyuta. Wewe na kompyuta, nani anajua jua?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu kufika nyumbani nafungua programu naona imeandikwa Mombasa pale chini. Sasa ni wiki tatu. Mwisho wa mwezi baraza litaamua kama Mama Tryphosa ataondolewa kuongoza kwaya ya akina mama, na kila Jumamosi tunafunga Sabato jua likiwa bado juu, vijana wanakimbilia mpira huku wananishukuru! Nikisema nitachekwa mpaka nimalize shule, nisiposema — nasikia viatu vya Magokoro mlangoni, ngoja nifiche hii kar

SHANGAZI ESNAH ANAJIBU:

Binti yangu, barua imefika bila mwisho na bila jina. Nimecheka mpaka chai ikapoa, sasa nimemaliza.

Kusahau si dhambi. Kenya nzima tuna saa moja, lakini jua linawaaga watu wa Pwani kwanza, nyinyi wa magharibi mnabaki nalo. Hapo hata mwalimu wako angeteleza. Kosa lako ni kunyamaza wiki tatu huku mama wa watu akibeba aibu yako. Naye Mzee Anyona, mwenye macho mawili mazima, alishindwa kutoka nje akatazama juu?

Usianze kwa Mzee. Nenda kibandani kesho ukitoka shule, umwambie Mama Tryphosa: "Wewe ulikuwa sawa, karatasi yangu ndiyo ilikosea." Koma hapo, usimfundishe nyota. Kisha mpelekee Mzee laptopu. Weka Mombasa aone, weka Nyamache aone. Kusema mbele ya kanisa mwachie yeye, kwani ndiye aliyemuaibisha mama huyo hadharani. Bandika karatasi mpya yenye jina la mahali juu kabisa, na siku nyingine ukitoka safari, kabla hujafungua begi, angalia programu inadhani uko wapi.

Mama Tryphosa akinuna, mwache anune. Kaa hapo hapo upange ndizi. Akikutuma maji, jua mmeelewana.