Nyundo Isiyopiga Mutu

Murara, Goma, juma la pili la Kwaresima

Muzee wangu Papa,

Nakusalimia wewe kwanza, kisha nausalimia mukono wako wa kuume, maana Papa Semana anayeleta maziwa sokoni aliniambia hauinui tena nyundo, hata ukiusugua kwa samli. Je, moto bado unawaka katika kibanda chako cha kufulia chuma? Na kifua cha Mama kimepona?

Hapa kwa shangazi niko muzima, ila roho haitulii tangu ujumbe wako ulipofika: nije Pasaka, nipokee nyundo ya babu, niache masomo. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, nafunga kitabu. Natembea juu ya mawe meusi mpaka ziwani, naangalia upande wa kwetu Masisi, narudi. Shangazi anasema, "Mutoto huyu amekalia siafu."

Katekista anayekusomea barua hii, mwambie asome polepole na asiongeze mahubiri.

Sasa sikiliza jambo la Alhamisi. Tuna padiri muzee anayetufundisha historia. Aliishi China miaka mingi mpaka wakamfukuza, ndiyo maana tunamwita Padiri China. Alileta darasani nyundo ya huko: mpini mrefu, kichwa cha mviringo kama boga, yote mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu. Akailaza chini kati ya viti, akatuita mmoja mmoja ubaoni tuichore. Wenzangu wote waliiruka. Zamu yangu ilipofika, miguu ilikataa. Nikazunguka darasa zima nikiambaa ukuta.

"Muangalieni, anazunguka kama anatafuta ng'ombe wake!" Kambale, jirani yangu wa kiti, akapiga kelele. "Ndugu, ni muti tu! Haiumi!"

Walicheka mpaka machozi. Padiri akaniuliza sababu. Unanijua mimi mbele za watu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Kwetu haturuki nyundo, mon père. Ukiiruka, umemuruka aliyekuzaa."

Yeye hakucheka. Aliiokota kwa mikono miwili, akatueleza mpaka kengele ikalia. Zamani wapiganaji wa China walivaa chuma mwilini, upanga ukawa unateleza tu. Ndipo watu wenye nguvu wakashika nyundo za chuma, moja kila mukono, kuvunja mifupa iliyojificha ndani. Walijifunza miaka mingi kuzizungusha, maana ukikosea uzito wake unakuangusha mwenyewe. Wengine walifunga kichwa kidogo kwenye kamba ndefu, wakakirusha. Baadaye walinzi wa mfalme walibeba nyundo za mbao mbele yake akipita, na watu wakainama.

Nikajisahau, nikauliza, "Hii ya mbao ilipiga nani?"

"Haikupiga mutu, mwanangu. Kazi yake ni kubebwa."

Muzee, neno hilo halijaniacha. Najua huwezi kumpa nyundo Bahati, mutoto wa baba mdogo, wakati mimi mwanao niko hai, ingekuwa kunizika. Lakini Bahati ndiye anayejua chuma. Mimi niliunguza jembe la Mama, unakumbuka. Basi nitakuja Pasaka, nitapiga magoti, nitaipokea. Kisha mbele yako, kwa mukono wangu, nitampa Bahati afue, nami nirudi kufanya mtihani wa ualimu. Nyundo iwe yangu, kazi iwe yake. Sijui kama desturi inakubali. Uso kwa uso nisingethubutu kukuuliza.

Nisalimie Mama, na bibi yangu Nyiransaba, mwambie tumbako aliyoniagiza nimeipata, na Furaha mdogo wangu, asiguse vitabu nilivyoacha. Bahati usimwambie kitu bado.

Papa, huna haja ya kunijibu kwa karatasi. Ukikataa, siku nitakapofika ulaze nyundo kizingitini. Sitairuka. Nitakaa nje mpaka uniite. Ukikubali, nikute mulango mutupu.

Mwanao anayekuheshimu,
Anaclet