Bastola Iliyorudi Changa

Kwa jina la Mungu ambaye hafichwi neno.

Mdogo wangu Harlan,

Salamu kwako na kwa Lorene. Hapa Kerrville mipichi imechanua.

Jumamosi niliipeleka bastola ya marehemu baba kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Virgil, mkusanyaji mwenzangu, aliigeuza, akacheka. "Shemasi, mbona imepungua umri? Mwaka jana shaba inayozunguka kifyatulio ilikuwa na pembe kwa nyuma, kama zile za mwanzo tunazozitafuta. Hii ya mviringo ilikuja baadaye."

Pembe ile ilitukwaruza vidole utotoni. Tangu mwaka jana wewe pekee uliiazima, ukairudisha ukisema, "Kaka, nimeifuta vumbi tu."

Nilimjibu Virgil kwamba macho yake yamechoka. Nimesema uongo kwa ajili yako.

Mungu aihifadhi nyumba yako, naye akupe usingizi ulioninyima.

Kaka yako,
Enos