Bakuli la Bi Mwanaisha

Yolanda uko wapi. Nimekwisha, shoga.

Ile bekoni ya nguruwe niliyokuambia, ya sukari na pilipili. Nimeikaanga leo, nikaikatakata, nikaiacha mezani nikaenda kuoga.

Natoka bafuni, sahani tupu. Namuuliza mama. Anasema, "Nimemrudishia jirani bakuli lake. Chombo hakirudi kitupu, nimemtilia zile kashata zako."

Kashata, Yolanda. Mama kaona sukari inang'aa akajua kashata za korosho.

Na jirani mwenyewe ni Bi Mwanaisha. Swala tano hazimpiti. Huyu huyu aliyeniletea uji hospitali siku kumi na moja.

Nimekimbia kwake peku, na kanga moja. Nakuta bakuli limeshaoshwa.

Ananiambia, "Mwanangu, nyama laini hivi, umeitia nini?"

Nikajibu sukari na pilipili. Ndicho nilichojibu. Sukari na pilipili.

Akafurahi. Akanijazia bakuli lile lile mihogo ya nazi, akasema Ijumaa niende nikamfundishe kuipika.

Nimekaa nalo mapajani, bado la moto. Siwezi kula. Kumwambia siwezi.

Mama anauliza safari hii tutalirudisha na nini.