Kwa Nini Niliishia Mweso

Masisi, huku shambani kwa ng'ombe

Mama Furaha, mke wangu,

Nakusalimu wewe, mama yangu na watoto wetu wote wawili. Mumeamkaje huko Buleusa? Maharage yametoa maua ao mvua imeyalaza? Mama bado anavuta pumzi kwa shida? Kifua chake ndicho ninachokiuliza kwanza kila asubuhi, hata kama hakuna wa kunijibu. Mimi niko. Nakamua, nakula, nalala. Kusema nina heri ao nina shida, yote mawili yananishinda.

Amani, yule motari wa kwetu, amenifikishia maneno yako. Alisimamisha pikipiki mbali, akafunika pua kwa kola ya shati, akasema kama ulivyomtuma: "Bibi yako anasema, kama uko na nyumba ingine, sema tu. Asikuwe anapikia muntu mwenye hatakuya." Halafu akacheka, maana yeye ndiye aliyekupelekea habari kwamba aliniona Mweso na mfuko wangu, kisha akaniona nageuka na kurudi nilikotoka, kwa miguu yangu mwenyewe, bila mtu kunifukuza.

Habari hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana nakuandikia. Sikutaka kuieleza kwa simu ya kuazima, mwenyewe amesimama pembeni anahesabu uniti zake.

Kazi yetu unaijua. Asubuhi tunakamua, tunagandisha maziwa, mchana tunayakandamiza ndani ya vyombo mpaka yanakuwa magumu, ndiyo fromaji. Zamani gari lilikuja kuzichukua kwenda Goma. Tangu korona ifunge njia, gari halikuja tena. Bosi alitupigia simu kwamba anayetaka kwao aende, anayebaki atakula, mshahara utangojea njia. Tulibaki wachache. Nikamuuliza Papa Sengi, yule mzee mkamuaji niliyelala naye kibanda kimoja tangu nifike, kama basi hatuwezi kupumzika kidogo. Akasema, "Ng'ombe haisikilizake radio, mutoto yangu. Maziwa inakuya tu."

Basi tukaendelea. Mbao zikajaa fromaji, nyingine tukazipanga chini juu ya majani makavu. Kila moja lazima igeuzwe kila siku, la sivyo inaoza upande wa chini. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu: kugeuza kitu ambacho hakuna anayekuja kukichukua.

Nikachoka, nikaamua kuja nyumbani. Jioni ya kuagana Papa Sengi alikuwa ameanza kukohoa. Tulisema ni baridi ya milima. Alinifungia fromaji moja ya kumpelekea mama, akaipaka chumvi nyingi ivumilie safari, nikaondoka.

Mweso walikuwa wameweka kizuizi, na ndoo za maji na sabuni, na mtu wa afya mwenye kamashini ka kupima moto wa mwili kwenye paji la uso. Alinipima, akasema nipite. Nyuma yangu alisimama mama mmoja muuza ndizi, amechoka na foleni. Akasema, wala si kwa hasira, "Ile mashini inapima moto yenye iko. Yenye ingali mu njia haiione." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nikatembea mpaka mwisho wa soko, pale njia ya kwetu inapoanza kupanda, na hapo kicheko kikaniishia.

Nilikuwa nimemwona mama akilini. Unajua anavyonipokea. Hangoji nitue mzigo. Ananishika uso kwa mikono yote miwili, ananivuta chini, ananitemea mate kidogo ya baraka kwenye paji, halafu anabaki hapo hapo, pua kwa pua, akiniuliza kama nimekula. Ninyi wengine ningeweza kuwaambia simameni kule. Ningelala jikoni, ungenisukumia sahani kwa fimbo na tungecheka. Lakini mama? Nimwambie aondoe mikono? Angesema ng'ombe za watu zimenifundisha dharau. Na nikimwachia, itakuwaje kama kikohozi cha Papa Sengi kimo ndani yangu, kingali njiani? Nilikaa juu ya jiwe nikatafuta jibu la tatu. Sikulipata. Ndipo Amani akaniona nageuka.

Hakuna nyumba nyingine, Mama Furaha. Nyumba ni ile ile moja, na niliiogopea.

Juma halikuisha nikaanguka. Moto, na mifupa kama imepondwa kwa mchi. Siku moja nilijikokota mpaka chumba cha fromaji, na chumba hakikuwa na harufu. Harufu ile unaijua, wewe unayekataza shati langu lisilale ndani ya nyumba. Niliweka pua juu ya fromaji yenyewe, ikawa kama nanusa jiwe. Hapa hakuna aliyetupima, kwa hiyo siwezi kukuapia ilikuwa korona. Lakini ilikuwa kitu, na kitu hicho kingefika kwenye mikono ya mama.

Mimi niliinuka; Papa Sengi, aliyelala mgonjwa kando yangu, hakuinuka. Alifariki asubuhi, saa ya kukamua. Tulimzika watu wachache, bila matanga, pasta akiomba kutoka mbali. Sikulia. Nilirudi nikageuza fromaji zangu, nikageuza na zake. Mpaka leo sijalia, na sijui machozi yanangoja nini.

Amani ananiambia mama aligombana na mbuzi wa jirani mpaka sauti yake ikasikika barabarani. Mwenye pumzi ya kugombana na mbuzi yu hai. Niliposikia hayo nikasema asante Mungu. Nilisema kwa mdomo. Moyo haukusema kitu, ila naamini unakuja nyuma, polepole. Hata harufu imeanza kurudi: jana nilisikia moshi, nikasimama pale jikoni kama mjinga, nikivuta tu.

Bado mtu mmoja anakohoa kibandani. Akimaliza, nami nikikaa kidogo baada yake bila kuugua, nitatoka. Fromaji ya mama ninayo, bosi amekubali iwe yangu. Imekauka nje, ndani wanasema inazidi utamu kadiri inavyongoja. Sijui kama na watu ni hivyo.

Nisalimie dada yangu anayekusaidia shambani, mwambie jembe langu alitumie, lisilale na kutu. Nisalimie mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na jirani mwenye mbuzi, nampa pole. Furaha amshike mdogo wake mkono kwenye matope. Mama umsomee barua hii yote, usiruke pale pa mikono. Mwambie sikuikataa mikono yake. Anitunzie hivyo hivyo.

Na siku Amani atakapokuambia ameniona tena Mweso na mfuko, usimuulize nimeelekea wapi. Chuma majani ya muhogo, teleka sombe. Inachukua muda kuiva, nami nitakuwa napanda njia ya kwetu.

Ni mimi mume wako,
Papa Furaha