Saa ya Marwa na Ng'ombe wa Boke

Susuni,
Tarime.
14 Septemba 2024.

Mpendwa mume wangu Marwa,

Habari za siku nyingi, na habari za joto la huko Doha? Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, unalala, na ile miguu iliyokuwa inakuvimba kwa kusimama mlangoni imepungua. Mimi mke wako wa kizee nipo. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Meno bado yamo, na ulimi ndiyo kabisa, utauona hapa chini.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unausoma nusu, unaweka kidole gumba, basi umemaliza. Karatasi hii nimempa Irine wa Mugumu, anayerudi huko kazini Alhamisi. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umalize kusoma. Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini, najua mtoto anayejifanya amesoma anavyokaa.

Sasa swali lako. Umenitumia picha saba za saa moja. Unasema ni saa ya kifahari, inaitwa Valtrenne, kampuni yenyewe hujawahi kuisikia ila mtandaoni wanaisifu, na punguzo linaisha mwisho wa mwezi. Unaniomba ushauri kama mwalimu, ununue au uache. Unasema ukitua nyumbani Desemba ukiwa nayo mkononi, Mzee Kisyeri atajua binti yake Lilian anaolewa na mtu wa maana, si na mlinzi wa mlango wa maduka. Hayo ni maneno yako, sijaongeza kitu.

Nilikuheshimu, nikafanya uchunguzi. Nilipanda mpaka Sirari kwa Joram, yule fundi saa aliye karibu na wabadilisha fedha. Aliikuza picha mpaka tukaona vinyweleo vya mkono uliovaa. "Hii kampuni sijawahi kuiskia, mathe," akaniambia. "Ikisimama, spea mtatoa wapi? Na duka lao liko mji gani? Hapa naona namba ya simu tu." Nikamlipa soda, nikarudi.

Njiani nikasoma sifa zake. Inazama mita mia mbili bila kuingia maji. Marwa, wewe hujui kuogelea. Kijito chetu wakati wa masika ulikuwa unakivuka umeshika mkia wa ng'ombe huku unaita mama. Huko mita mia mbili chini utakuwa unamfuata nani? Halafu ina mshale wa saa ya huko uliko na mshale mwingine wa saa ya nyumbani. Irine ameniambia, na mimi nimehakikisha kwenye ramani yangu ya darasani, kwamba Doha na Tarime saa ni ile ile. Ulitaka kulipia mshale mzima ukuambie jambo ambalo mwenzake ameshalisema.

Ningeishia hapo tukacheka. Lakini kuna habari nyingine, na hii uisome umekaa.

Katikati ya mwezi uliopita baba yako Ryoba alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwa Mzee Kisyeri kuomba siku ya wazee kukaa na kuzungumza mahari ya Lilian. Alipokelewa vizuri. Wakakaa uani, chai ikaletwa, na simu ya baba yako ikalia. Ulikuwa ujumbe wako wa sauti. Baba yako, masikini, akaona hiyo ndiyo nafasi ya wakwe kusikia sauti ya mwanawe aliyeko Uarabuni. Akaweka spika.

Walikusikia wote: Mzee Kisyeri, mkewe, majirani wawili, na Lilian aliyekuwa anamimina chai. "Baba, wale ng'ombe wanne wa Boke wapeleke mnadani, nimalizie hela ya saa. Mambo ya mahari hayakimbii."

Najua huko unakaa na watu wa kila taifa, labda umesahau ulikotoka. Nikukumbushe. Wale si ng'ombe wa baba yako, wala si wako wa kuchezea. Ni mahari ya dada yako. Boke aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na mtu aliyemzidi umri mara mbili, ili ng'ombe waingie zizini na wewe, kaka yake uliyepangwa naye kimila, uoe kwa hao. Alilia wiki nzima. Wewe wiki hiyo ulikuwa unawapa ng'ombe majina. Na sasa uliwataka waende mnadani, wageuke saa ambayo hata fundi haijui.

Mzee Kisyeri aliweka kikombe chini, akasema neno moja tu: "Murisya." Umesoma vizuri. Mwanaume wa miaka ishirini na tisa, uliyesimama mbele ya watu siku ya tohara bila kukunja uso, umeitwa mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Baba yako alikuwa amekaa pale pale na koti lake. Alirudi kwa miguu. Lile koti hajalivaa tena mpaka leo, kanisani anakwenda na sweta.

Boke alipata habari kesho yake, akaja na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Aliingia zizini, akawatenga wale wanne, akasema waende kwa mdogo wenu Mogesi, aoe yeye. Baba yako akaitikia kwa kichwa. Mogesi anaoa Novemba, na Boke mwenyewe ndiye anayeshona nguo za wasindikizaji.

Sasa nije kwangu. Nyumba yangu unaijua. Nilizaa mabinti watatu, wa kwanza mama yako Beatrice, na wote waliolewa wakaenda. Babu yako alifariki jina lake likiwa halina wa kulibeba. Wewe ni wa ukoo wa baba yako, kwangu ni mume wa utani tu. Miaka kumi na minane watu wananiambia nioe nyumba ntobu kama wanavyofanya wajane wengine wasio na mtoto wa kiume: nitoe mahari, nilete binti, azae kwa jina la nyumba yangu. Nilikuwa nakataa kwa kumwogopa mchungaji, na kwa sababu sikuwa nimemwona binti ninayemtaka.

Wiki mbili baada ya ule ujumbe wako nilikwenda kwa Mzee Kisyeri. Ng'ombe ninao. Ni uzao wa wale wale aliotoa baba yako kumwoa mama yako, nimewatunza vizuri. Mzee alikubali haraka kuliko nilivyodhani, lakini nilikataa kuondoka kabla sijasikia kwa binti mwenyewe. Lilian ana miaka ishirini na minne, anauza nafaka zake Sirari, hana sababu ya kuburutwa na mtu. Nikamuuliza mbele ya mama yake.

"Mwalimu," akasema, "kwako nitapata shamba na mlango wangu mwenyewe. Kwa Marwa miaka mitatu nimepata picha."

Nilimtazama sana machoni. Hakuwa amelia.

Nilifurahi, Marwa, sikufichi. Nilifurahi kwa ajili ya nyumba yangu, na nusu ya furaha ile ilikuwa ya kukukomoa wewe. Nilijua unampenda. Nilijua kabisa, na nikawaswaga ng'ombe hivyo hivyo. Mchungaji amenizuia meza ya Bwana kwa miezi sita. Nitaikaa hiyo miezi sita kwenye benchi la nyuma, halafu nitarudi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: nunua. Sababu niliyokuwa nayo ya kukuzuia imeondoka, na hela ya mahari hutaihitaji mwaka huu wala ujao. Ila kabla hujalipa muulize huyo muuzaji duka lake liko mji gani.

Baba yako anakusalimu, ingawa ilibidi nimwombe mara mbili. Mama yako anasema ukitaka kupiga simu nyumbani umpigie yeye kwanza. Mogesi anakusalimu sana, anauliza kama utapata ruhusa Novemba. Boke hajatuma salamu. Nilimsubiri mpaka nimefika mstari huu.

Mungu akupe afya, asimame nawe kwenye zamu zako zote, akulete salama. Ukija ufikie kwa baba yako, kwangu chumba chako kina mwenyewe.

Naye Lilian anakusalimu. Kwa mila yetu ni kama nimemwolea mtoto wa kiume ambaye sikumzaa, kwa hiyo kwako wewe ni mke wa mjomba. Si mtu wa kutaniwa. Namba yake unayo. Ukimpigia, lile jina ulilokuwa unamwita lisikutoke tena kinywani. Utaanza na "Shikamoo, mama," halafu utasubiri akuitikie.

Nikupendaye bila kukuficha kitu,
Bibi yako,
Mwalimu Ghati.